PhD ya sayari za nje ya mfumo wa jua: anzia hapo hapo ulipo, Unguja au Pemba

Kila ikifika Oktoba simu yangu inajaa meseji za namna moja: "kaka shikamoo, mie nipo mwaka wa tatu fizikia, nataka nikasome PhD ya zile sayari zinazozunguka nyota nyengine, inawezekana kweli au ni ndoto za alinacha?"

Jibu fupi inawezekana. Jibu refu ndo hili, na nimeona bora niliandike mara moja nipumzike kujibu mmoja mmoja. Kubwa kuliko yote ni kwamba wale wanaochagua watu wa PhD hawatafuti mtu anaependa nyota, mana kila anaeomba anapenda nyota, wao wanatafuta mtu ambae ashawahi kushika swali dogo la utafiti akalipeleka mpaka mwisho. Na fani hii ina bahati ambayo fani nyingi hazina, swali dogo kama hilo unaweza kulifanya umekaa Mwanakwerekwe au Wete na laptopu ya kawaida, kwa sababu data zenyewe ziko wazi, bure, kwa yeyote.

Kwanza ujue kazi yenyewe

Watu wengi wanafikiri kazi ni kuchungulia kwenye darubini usiku ukaiona sayari. Hapana. Sayari hizi karibu zote hatuzioni kabisa. Ukikaa ufukweni Nungwi usiku wa kiza ukatazama ngalawa za dagaa kule mbali unaona taa tu, mvuvi humuoni, lakini akipita mbele ya taa utaona mwanga umepungua kidogo, basi hapo unajua kuna mtu, na ukiwa makini unaweza hata kukisia ana mwili kiasi gani na anapita kila baada ya muda gani. Njia hiyo inaitwa transiti na ndo iliyotupa sayari nyingi kuliko njia nyengine zote. Setilaiti ya Kepler ya Marekani iliyorushwa 2009 ikazimwa 2018 peke yake ilitoa sayari zaidi ya 2,600, afu ikaja TESS mwaka 2018 ambayo mpaka leo inafanya kazi. Zilizothibitishwa jumla zimepita 6,000 tangu 2025.

Sasa angalia ugumu wake. Sayari kubwa kama Mshitarii ikipita mbele ya nyota kama jua letu, mwanga unapungua asilimia 1. Sayari kama dunia yetu ikipita unapungua sehemu 84 katika milioni moja. Themanini na nne katika milioni! Na nyota yenyewe haitulii, ina madoa, inalipuka, inazunguka, kwa hivo unatafuta kitu kidogo ndani ya kelele kubwa.

Njia ya pili ni kuipima nyota inavyoyumba, mana sayari nayo inaivuta nyota yake. Hii ndo njia waliyotumia Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995 kuipata 51 Pegasi b, sayari ya mwanzo kupatikana kwenye nyota inayofanana na jua, na wakapewa Nobel 2019. (Kabla yao, 1992, Wolszczan na Frail walishapata sayari lakini kwenye pulsa, yaani mzoga wa nyota iliyokufa.) Mshitarii inalitikisa jua kwa mita 12 na nusu hivi kwa sekunde, dunia inalitikisa kwa sentimita 9 kwa sekunde tu, ambayo ni taratibu kuliko kobe wa Changuu akiwa na njaa.

Afu kuna wale wa angahewa, wanachukua mwanga wa nyota uliopita pembezoni mwa sayari wanausambaza kwa rangi zake wakaona gesi gani imenyonya nini. Darubini ya James Webb iliyorushwa Disemba 2021 ndo imewafungulia milango, 2022 ikaonesha kaboni dayoksaidi kwenye sayari inaitwa WASP-39 b waziwazi kabisa. Na kuna wa kuzaliwa kwa sayari, kuna wa ndani ya sayari imejengwa na nini, kuna wanaotengeneza vyombo vyenyewe.

Kwa hivo siku ya kawaida ya mwanafunzi wa PhD ni kompyuta, Python (lugha ya kuandikia programu), kusafisha data, kusoma makala za watu, kugombana na nyota, na mkutano na msimamizi mara moja kwa wiki. Kama hupendi kukaa masaa matano unatafuta kwa nini grafu yako ina nundu pale isipotakiwa, nakwambia mapema, hii kazi itakuchosha. Kama nundu ile inakunyima usingizi basi karibu.

Upo hatua gani?

Kama upo skuli, chagua PCM (fizikia, kemia, hesabu). Sisemi PCB haifai kwa maisha, nasema kwa njia hii hesabu za juu huziruki. Kalkulasi, aljebra ya matriksi, na takwimu. Takwimu ndo chakula cha kila siku na ndo inayodharauliwa zaidi skulini.

Kama upo chuo, huhitaji digrii ya astronomia, wala hapa kwetu usiitafute kwa tochi. Fizikia inatosha, hesabu inatosha, hata kompyuta au uhandisi ukiongeza fizikia kwa juhudi zako. Nshaona watu wa SUZA wanajidharau kwa sababu chuo chao hakina kitengo cha nyota, lakini ukweli ni kwamba hata huko nje wengi wanaingia PhD ya sayari wakiwa na digrii ya fizikia ya kawaida tu. IIT Madras, chuo cha India, nao wana kampasi yao hapa Unguja tangu 2023 wanafundisha sayansi ya data, na sayansi ya data ni nusu ya kazi hii. Bara kuna idara ya fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Huria ndiko alikokuwa Dk. Noorali Jiwaji ambae miaka mingi ameandika kuhusu anga kwa watu wa kawaida, maandishi yake yatafute.

Masta ni mlango mzuri kwa mtu wetu, na mlango ulio karibu ni Afrika Kusini. Kuna programu inaitwa NASSP, ya astrofizikia na sayansi ya anga, ilianza 2003 na ina ngazi ya Honours na masta, imeshalea Waafrika wengi. Kuna AIMS pia, taasisi ya hesabu yenye vituo nchi kadhaa ikiwemo Rwanda na Afrika Kusini, wanafadhili masta ya hesabu, na ukifika huko unaweza kuomba mradi wako wa mwisho uwe wa data za nyota. Marekani hawadai masta, unaingia PhD moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Ulaya bara wengi wanadai masta. Hili likumbuke mana linabadilisha mpango wako wote.

Mradi wa nyumbani, hapa ndo kwenye kazi

Sasa sehemu hii isome taratibu.

Fungua Google Colab. Faida yake programu zinakimbia kwenye kompyuta zao, bando lako linatumika kuonesha ukurasa tu, na laptopu hata ikiwa ya zamani haisumbuki. Hifadhi kazi yako kwenye Drive kila wakati mana umeme wetu tunaujua. Ndani ya Colab weka programu inaitwa lightkurve, ni ya Python, imetengenezwa kwa ajili ya data za Kepler na TESS, ina masomo ya hatua kwa hatua na ni bure. Data inazivuta kutoka hazina inaitwa MAST ambayo ipo Baltimore. Faili moja la mwanga wa nyota moja kwa kipindi kimoja cha TESS, yaani siku kama 27, ni megabaiti kama 2 tu, dogo kuliko video ya harusi uliyotumiwa kwenye grupu la familia.

Anza na nyota inaitwa WASP-18. Nna sababu zangu. Sayari yake WASP-18 b ni kubwa, uzito wake kama Mshitarii kumi, na inaizunguka nyota chini ya masaa 23, kwa hivo kwenye siku 27 utaiona ikipita zaidi ya mara 20, na kila ikipita mwanga unapungua karibu asilimia 1, unaiona kwa macho kwenye grafu bila kuhangaika. Sababu ya pili ni ya Kiafrika: iligunduliwa 2009 kwa kamera zilizokuwa Sutherland, Afrika Kusini, kamera nane zenye lenzi za Canon za milimita 200, aina ya lenzi ambazo wapiga picha za mpira wanazo. Mtu akikwambia sayansi hii ni ya matajiri tu mtajie hiyo.

Chora grafu, ondoa mawimbi ya polepole ya nyota, afu tafuta muda wa mzunguko kwa njia inaitwa BLS, ambayo inajaribu maboksi ya urefu tofauti mpaka ipate linalokaa vizuri. Ukishapata muda, kunja data zote juu ya mzunguko mmoja. Ile picha inayotoka, bonde moja safi, mie nliiprinti nikaibandika ukutani.

Sasa pima kina cha bonde. Kina ni sawa na mraba wa uwiano wa nusu-kipenyo cha sayari kwa cha nyota, kwa hivo kina cha asilimia 1 maana yake sayari ni sehemu ya kumi ya upana wa nyota yake. Hapo ndo utagundua jambo ambalo wengi wanachelewa kulielewa: hujaipima sayari, umeipima sayari kwa kulinganisha na nyota. Ukikosea nyota kwa asilimia 5, sayari nayo imekosewa asilimia 5. Kwa hivo ingia kwenye data za Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyopima umbali wa nyota zaidi ya bilioni, ujue nyota yako ina joto gani, ina upana gani, ipo mbali kiasi gani. Nyota kwanza, sayari baadae. Mtu akiniletea mradi wake jambo la mwanzo nnaloangalia ni hili.

Ukimaliza nenda kwenye nyota ya Pi Mensae. Sayari yake ya c ilitangazwa 2018, ni ya mwanzo kabisa kutoka TESS, inazunguka kwa siku 6.27 na upana wake ni kama dunia mbili, na bonde lake ni kama sehemu 300 katika milioni. Utaona tofauti. Kile kilichokuwa wazi kwenye WASP-18 hapa kinazama kwenye kelele, na utalazimika kujifunza kusafisha data bila kulifuta bonde lenyewe, na huo ndo ufundi wenyewe, mana ukisafisha sana unaisafisha na sayari.

Baada ya hapo ndo unatafuta swali lako. Usitafute swali kubwa. Ntakupa moja zuri ambalo linafaa kwa mtu alie na laptopu tu: wakati. Sayari nyingi ziligunduliwa miaka 10 au 15 iliyopita na muda wao wa mzunguko ulipimwa kwa kosa dogo, tuseme sekunde moja. Sekunde moja si kitu, lakini baada ya mizunguko 1,000 imekuwa sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, na mtu aliepewa masaa machache ya James Webb akikosea kwa dakika 17 anaweza kukosa mwanzo wa tukio. Kwa hivo kuchukua data mpya za TESS ukasahihisha ratiba ya sayari ya zamani ni kazi ya kweli, watu wanaihitaji. Na mara moja moja kunatokea maajabu: WASP-12 b muda wake wa mzunguko unapungua kama milisekunde 29 kwa mwaka, yaani inaanguka polepole kwenye nyota yake, na hayo yalijulikana kwa kuhesabu nyakati za kupita mbele na nyuma ya nyota, kwa subira ya miaka.

NASA wana mradi unaitwa Exoplanet Watch unaoingiza watu wa kawaida kwenye kazi hiyo hiyo ya nyakati, na huhitaji kuwa na darubini, wanakupa picha zilizopigwa na darubini zao unazichambua kwa programu yao, na ukichambua vizuri jina lako linaweza kuingia kwenye makala. Kuna Planet Hunters pia, huko unatazama grafu kwa macho. Ni mwanzo mzuri, ila usiishie hapo, mana kubofya tu hakutoshi kumshawishi msimamizi.

Ukitaka swali gumu zaidi, chukua orodha ya watuhumiwa wa TESS, mana sio kila bonde ni sayari. Adui mkubwa ni nyota mbili zinazozibana. Pikseli moja ya TESS ni pana mno, mwezi mpevu mzima haufiki pikseli 100 kwa upana, kwa hivo ndani ya pikseli moja zinaweza kukaa nyota kadhaa, na ile unayoitazama inaweza kuwa haina hatia, jirani yake ndo anaefanya vituko. Jiulize: bonde la kwanza, la tatu, la tano lina kina sawa na la pili, la nne, la sita? Kama hapana pengine ni nyota mbili. Kuna bonde dogo nusu ya njia? Umbo ni kama herufi U au V? Kitovu cha mwanga kinahama wakati wa kupungua? Upana uliopata ni wa sayari kweli au ni mkubwa kuliko sayari yoyote inavyoweza kuwa? Maswali haya haya ndo utakayoulizwa kwenye intavyuu, na mtu ambae ashayafanya kwa mikono yake anajibu tofauti kabisa na aliyekariri, wanaouliza wanalisikia hilo ndani ya dakika mbili.

Mradi huu ufanye uwe ndo mradi wako wa mwisho wa digrii. Mwalimu wako hata kama hajui nyota, kama anajua takwimu au programu anaweza kukusimamia, hesabu ni zile zile. Na hapa kuna faida nyengine ambayo vijana hawaioni: barua ya mapendekezo. Mwalimu aliekufundisha kwenye darasa la watu 200 atakuandikia kwamba wewe ni kijana mwenye adabu na bidii. Adabu ni jambo jema lakini haikupeleki Geneva. Mwalimu aliekusimamia mradi ataandika kwamba ulikwama wapi, ukafikiri nini, ukatoka vipi. Barua moja ya namna hiyo inashinda tatu za adabu.

Mwisho andika. Kurasa nane kwa Kiingereza safi, grafu zenye vipimo kwenye mihimili, makadirio ya makosa kila palipo na namba. Weka programu yako GitHub ili mtu mwengine aweze kuirudia. Mradi mdogo uliokwisha una thamani kuliko mkubwa ulioachwa njiani.

Kuhusu darubini, mana naulizwa sana. Sie tupo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, karibu mbingu yote inapita juu yetu, hata kundi la Kantauri lenye nyota ya jirani yetu Proxima tunaliona vizuri, na Proxima ina sayari iliyotangazwa 2016. Tatizo letu ni mawingu na unyevu, bahari imetuzunguka kila upande. Ndo mana darubini kubwa zipo Chile na Sutherland, na ile ndogo ya TRAPPIST-North ipo milimani Morocco. Darubini ya inchi 8 yenye kamera nzuri inaweza kuona kupita kwa sayari kubwa, hata ukiwa Makunduchi usiku wa kusi mkavu, lakini kama una pesa ya kitu kimoja, nunua laptopu.

Kuchagua mada

Usiandike kwenye maombi kwamba unataka kutafuta viumbe. Wote wanataka kutafuta viumbe. Angalia ile kadhia ya sayari ya K2-18 b, timu ya Cambridge 2023 na tena 2025 wakasema huenda kuna gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe vya baharini, watu wengine wakachambua data zile zile wakasema ushahidi hautoshi. Mwanafunzi anaejua kueleza kwa nini wale wengine hawakuridhika ana maana zaidi kuliko anaeshangilia habari.

Jambo la busara ni kutazama data gani zitakuja ukiwa ndani ya PhD. Ukianza 2027 au 2028 utakuta toleo la nne la data za Gaia, linalotarajiwa Disemba 2026, ambalo watu wanangojea litoe sayari nyingi kwa kupima nyota zinavyoyumba angani. Utakuta setilaiti ya PLATO ya Ulaya, ambayo imepangwa kurushwa karibu na wakati huo huo kutafuta sayari za mawe kwenye nyota kama jua. Na huko Chile inajengwa darubini ya ELT, kioo chake mita 39. Mtu anaejifunza leo kutofautisha kelele za nyota na ishara ya sayari atahitajika kwenye zote hizo. Mie nngekuwa naanza sasa ningekwenda upande huo, wa nyota zenyewe, kwa sababu ndo panapokwamisha kila mtu na vijana wanapakimbia kwa kuwa neno "angahewa" linavutia zaidi.

Kumpata msimamizi

Msimamizi ni muhimu kuliko jina la chuo. Narudia, mana wazee wetu wanajua Harvard na Oxford tu, lakini kuna watu wa Liège, Ubelgiji, ndo walioongoza ugunduzi wa sayari saba za TRAPPIST-1 mwaka 2017, na darubini waliyoanza nayo ni ya sentimita 60. Geneva, Leiden, Heidelberg kwenye taasisi ya Max Planck, Warwick, Exeter, Birmingham, MIT ambao ndo wenye TESS, Arizona, Penn State, wote hao wana makundi makubwa.

Ingia arXiv, tovuti ya makala za sayansi, sehemu ya sayari, bure pia, soma vichwa vya makala kila asubuhi kwa miezi miwili. Mwanzo hutaelewa kitu. Baada ya wiki chache utaanza kuona majina yale yale yanajirudia, utajua nani anafanya nini na nani anabishana na nani. Ukiona mtu ambae wanafunzi wake wanaandika makala wao wakiwa majina ya mwanzo, huyo anafaa. Ukiona kila makala jina la mwanzo ni lake yeye, jiulize.

Imeili yako iwe fupi. Sie kwetu salamu ni ndefu, unauliza hali, watoto, wazee, mvua, na ni uungwana wetu, lakini professa wa Uswisi anapata imeili kama hizo nyingi kwa wiki na ile iliyojaa "I humbly beg" anaifunga. Sentensi ya kwanza wewe nani. Ya pili umefanya nini, pamoja na linki ya mradi wako. Ya tatu makala yake ipi umeisoma na swali gani limekujia, swali la kweli sio la kujipendekeza. Ya nne unauliza kama anachukua mwanafunzi mwaka unaokuja na kama kuna fedha. Basi. Asipojibu baada ya wiki mbili mkumbushe mara moja, asipojibu tena endelea na mwengine wala usivunjike moyo, kutojibu kwao mara nyingi ni kuzidiwa na kazi, sio dharau.

Maombi na pesa

Kanuni yangu hapa haina mjadala: PhD ya sayansi usiilipie. Ukiona chuo kimekupokea haraka lakini kinataka ada yote kutoka mfukoni kwako, kataa. Na wakala anaetaka pesa akutafutie nafasi mkimbie kabisa, kila kitu anachofanya unaweza kukifanya mwenyewe kwenye simu. Uswisi, Uholanzi, Denmark, Sweden na mara nyingi Ujerumani mwanafunzi wa PhD ni mwajiriwa, ana mkataba na mshahara, miaka mitatu mpaka minne. Marekani unalipwa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti na ada inafutwa, ila ni miaka mitano au sita. Uingereza ni ngumu zaidi kwetu mana nafasi zinazofadhiliwa na serikali yao zina kikomo kwa wageni, kisizidi asilimia 30, kwa hivo angalia na ufadhili wa Commonwealth. Ujerumani kuna ufadhili wa DAAD.

Dedilaini nyingi zinaangukia kati ya Novemba na Januari. Kwa hivo pasipoti, transkripti na cheti cha kuzaliwa vianze kushughulikiwa mwezi wa sita, mana mnajua wenyewe namna karatasi zinavyotembea. Waombe walimu barua miezi miwili kabla, wape ukurasa mmoja wenye orodha ya vyuo, tarehe na mukhtasari wa mradi wako, na wakumbushe kwa adabu. Ada za maombi za Marekani ni kubwa lakini vyuo vingi vina msamaha, lazima uombe, usione haya. Mtihani wa Kiingereza vilevile, baadhi ya vyuo vinakubali barua kwamba digrii yako ilisomeshwa kwa Kiingereza, uliza kabla hujalipia.

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Mama atauliza ukimaliza utafanya kazi gani, na swali lake ni la haki. Jibu la kweli ni kwamba kazi za kudumu za utafiti wa sayari ni chache duniani kote, wengi wanaomaliza wanaenda kwenye data, benki, kampuni za simu, hali ya hewa, au kufundisha chuo, na ufundi ule ule wa kutoa ishara ndogo ndani ya kelele unalipwa huko. Mwambie hivo hivo bila kumpamba. Na wale wa barazani watakaokwambia mambo ya nyota hayatuhusu wakumbushe kila Shaabani ikiisha nani anakaa barazani kutwa akibishana kuhusu mwezi umeandama au haujaandama.

Ukikosa mwaka wa kwanza, omba maoni, ongeza kitu kwenye mradi, omba tena. Wengi wanapata mzunguko wa pili.

Ukipata ofa zaidi ya moja usikimbilie. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kukupa mpaka tarehe 15 Aprili ujibu, kwa hivo muda unao. Omba namba za wanafunzi wawili watatu wa yule msimamizi, zungumza nao kwa Zoom yeye mwenyewe asiwepo, waulize wanakutana nae mara ngapi, nani anaamua mada, mshahara unatosha kodi ya nyumba ya mji ule, wamewahi kwenda kwenye darubini wenyewe, na wale waliomaliza wako wapi sasa. Na waulize kuna mtu aliyeacha katikati, na kwa nini. Wakijibu wote kwa kusitasita hapo, chukua ile ofa nyengine.